Namba Kubwa, Tundu Dogo: Tuache Kukariri Kamera

Kuna mtindo umeingia hapa chuoni na sioni ukiondoka karibuni. Watu wanatembea na kamera za zamani, zile za mkanda, zikining'inia kifuani kama hirizi. Zimetoka kwenye makabati ya babu, kwenye masanduku ya baba wadogo waliosoma nje, nyingine zimeokotwa mnadani kwa bei ya viatu vya mtumba. Sina ugomvi na mtindo, hata mimi ninayo moja. Ugomvi wangu ni na namna tunavyofundishana kuitumia, na naona jambo hili linatuhusu sisi wa ualimu kuliko hata wapiga picha wenyewe.

Ukitaka kujua ninachosema, msimamishe yeyote mwenye kamera shingoni umuulize zile namba zilizochongwa kwenye pete ya lenzi zina maana gani: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Atakujibu haraka, bila hata kufikiri: "Mbili ni ya picha ya mtu mmoja, nane ni ya kundi, kumi na sita ni ya mandhari." Muulize sasa kwa nini 16 ni tundu dogo na 2 ni tundu kubwa, wakati tangu darasa la kwanza tunajua 16 ni kubwa kuliko 2. Utaambiwa, "We jua tu hivyo, ziko kinyume." Basi. Ndilo somo zima hilo, na linapita kutoka mtu hadi mtu kama desa la mwaka juzi.

Haziko kinyume. Ziko sawasawa kabisa, ila zimeandikwa kwa ufupi. Angalia vitabu vya picha vinavyoandika: f/2, f/8, f/16. Ile f siyo pambo. Inasimama badala ya umbali wa fokasi wa lenzi, na kile kimstari ni cha kugawanya kama vimstari vingine vyote ulivyowahi kuviona. Kamera ninayotumia ni Zenit-E, ya Umoja wa Kisovieti, aliyorudi nayo mjomba baada ya masomo yake huko. Lenzi yake ni Helios yenye umbali wa fokasi wa milimita 58. Sasa gawanya. 58 kwa 2 unapata 29, yaani tundu lina kipenyo cha milimita 29, karibu upana wa lenzi yote. 58 kwa 4 ni 14.5. 58 kwa 16 ni milimita 3.6 hivi, kama punje ya mtama. Hakuna kinyume chochote hapo. Ni sehemu, zile za shule ya msingi, zenye kiasi juu na asili chini. Asili ikiwa kubwa, kipande kinakuwa kidogo. Mtoto wa darasa la nne anajua kwamba mkate ukigawiwa watu kumi na sita, hakuna anayeshiba.

Ukishalijua hilo, swali linalofuata linakuja lenyewe: kwa nini 2, kisha 2.8, kisha 4, kisha 5.6? Nani alikaa akachagua namba za ajabu namna hii? Hapa ndipo wengi huacha kuuliza, na hapa ndipo pana utamu wenyewe. Kinachoingiza mwanga ni eneo la tundu. Kipenyo peke yake hakitoshi kukuambia, kwa sababu eneo la duara linafuata kipenyo mara kipenyo. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, eneo halibaki nusu, linabaki robo. Helios kwenye 2 ina tundu lenye eneo la milimita za mraba 660 hivi. Kwenye 4 zimebaki 165. Sasa waliotengeneza lenzi walitaka kila hatua ya pete ikate mwanga kwa nusu kamili, isiwe robo. Ili eneo lipungue kwa nusu, kipenyo inabidi ukigawe kwa kipeuo cha pili cha 2, ambacho ni 1.414. Chukua 2 uzidishe kwa 1.414: 2.8. Zidisha tena: 4. Tena: 5.6 na ushee. Tena: 8. Halafu 11, halafu 16. Hawakuchagua mtu namba zile. Zimetoka kwenye duara.

Ninaposoma hesabu hii huwa nakumbuka tulivyokuwa tunauliza kidato cha pili: kipeuo cha pili cha 2 kinatusaidia nini maishani? Mwalimu alikuwa anasema kitakuja kwenye mtihani. Kumbe kilikuwa kimechongwa kwenye pete ya kamera ya mjomba, kabatini.

Kutoka 2 mpaka 16 ni hatua sita. Kila hatua ni nusu, kwa hiyo mwanga unaobaki ni moja ya sitini na nne. Ndiyo maana Zenit inafurahisha kuifundishia. Kamera zilizokuja baadaye zina ujanja wa ndani: tundu linabaki wazi wakati unatazama, linajifunga lenyewe kwa kufumba na kufumbua pale unapobonyeza, kisha linafunguka tena. Huoni kitu. Zenit-E haina huo ujanja. Helios yake ina pete mbili: moja unachagulia namba, inalia tik tik, nyingine unaizungusha kwa mkono kufunga tundu mpaka ligote kwenye namba uliyochagua. Ukiitazama lenzi kwa mbele unayaona mapanga yake manane membamba yakijikusanya katikati kama mboni ya paka mchana. Ukiwa nyuma, unatazama kwenye kitundu cha kuchungulia, unaona dunia inaingia giza polepole kidoleni mwako. Na kwa kuwa haifungi yenyewe, wengi husahau kuifunga kabla ya kubonyeza, picha zikatoka nyeupe kama chaki. Ni kamera ya kizamani hata kwa wakati wake. Zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu, na zile za kuelekea 1980 nyingine zilichongwa alama ya Olimpiki ya Moscow, Olimpiki ile ile ambayo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali mbili za fedha. (Ya mjomba haina alama hiyo, nimeshaulizwa sana.)

Turudi kwenye jedwali lile la "mbili ya mtu mmoja, kumi na sita ya mandhari". Ubaya wake si kwamba ni la uongo. Lina ukweli ndani yake, ila halimwambii mtu lini litamwangusha. Na linamwangusha siku ile ile anayolitegemea zaidi, siku ya mahafali.

Fuatana nami. Bumu limeingia, mtu ananunua mkanda wa ISO 400 kwa sababu kaambiwa ndio mzuri. Mkanda una picha 36, na ukijumlisha gharama ya kuusafisha, hiyo ni wiki nzima ya msosi. Mahafali ni saa sita mchana, jua la utosini. Mhitimu kavaa joho, anataka ukungu nyuma yake kama anaoona kwenye simu. Mpiga picha wetu anakumbuka jedwali, anaweka 2. Ndugu yangu, umekwisha. Kwenye jua kali kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema: weka 16, kisha kasi ya shata iwe moja chini ya ISO ya mkanda wako. Kwa ISO 400 hiyo ni sekunde 1/500 kwa kukadiria. Zenit-E mwisho wake wa kasi ni huo huo, 1/500. Maana yake kwenye jua lile, na mkanda ule, kamera ile ina mpangilio mmoja tu ulio sahihi: 16 na 1/500. Hakuna mwingine. Kuweka 2 ni kuingiza mwanga mara 64 ya unaotakiwa. Mkanda unavumilia mwanga kuzidi kidogo, unavumilia kuliko ukipungua, lakini mara 64 hapana.

Angechukua ISO 100 angekuwa na nafasi ya kuchezea: 16 na 1/125, au 11 na 1/250, au 8 na 1/500. Zote tatu zinaingiza mwanga ule ule, kama ndoo inavyojaa kwa bomba lililofunguliwa nusu kwa dakika mbili au lililofunguliwa lote kwa dakika moja. Sisi wa hosteli zenye mgao wa maji hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Au angemwambia mhitimu, "Njoo huku chini ya mwembe," kwenye kivuli, ambako kwa ISO 400 ile ile angeweza kushuka mpaka 4. Uamuzi wote huo unatoka kwenye kuelewa kwamba kila hatua ni nusu au mara mbili. Jedwali halitoi uamuzi wowote.

Na kuna kitu jedwali halikugusa kabisa: kipimo cha mwanga kilichomo kwenye kamera hakijui kinamtazama nani. Kinachukua mwanga wote ulio mbele yake na kudhani ni wa kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi kama mimi mbele ya ukuta mweupe wa jengo la utawala, au amevaa kanzu nyeupe, kipimo kinaona weupe mwingi, kinakwambia funga tundu. Ukitii, ukuta unatoka vizuri na mtu anatoka kivuli. Dawa ni kusogeza kipimo karibu na uso, au kufungua hatua moja zaidi ya kilichosema. Ni wangapi wana picha za ubatizo, za harusi, za kumaliza darasa la saba, ambamo nguo zinang'aa na sura haionekani? Tukasema ndivyo tulivyo, hatutoki vizuri kwenye picha. Tulikuwa tunahitaji hatua moja ya pete.

Ukungu nao una sababu, hauji kwa sababu namba 2 inaupenda. Tundu likiwa pana, mwanga kutoka kila nukta ya kitu unaingia kwa pande nyingi, kama koni nene. Kitu kilicho mahali ulipolenga, koni yake inakutana sawasawa juu ya mkanda, kinatoka kikali. Kilicho nyuma au mbele, koni yake inakutana kabla au baada ya mkanda, kwa hiyo pale kwenye mkanda inaacha doa badala ya nukta. Madoa mengi ndiyo ukungu. Finya tundu, koni inakuwa nyembamba, madoa yanapungua. Kwa lenzi yangu, ukimlenga mtu aliye mita 3, kwenye 2 sehemu iliyo wazi ina unene wa sentimita 30 hivi tu, uso na masikio basi. Kwenye 16 inaanzia mita 2 mpaka zaidi ya mita 5, na muuza maembe aliyepita nyuma anatambulika kwao.

Jaribio lake halihitaji hata kamera. Wale wenzetu wasioona mbali, wanaokaa nyuma ya ukumbi na hawajanunua miwani, watazame wakisoma slaidi. Wanafinya macho. Hawajafundishwa na mtu, wanapunguza tundu. Toboa karatasi ya manila kwa sindano, ifunge kwenye jicho kabisa, chungulia maandishi yaliyokuwa na ukungu. Yanasomeka, ingawa kwa giza. Mwanga mchache, ukali zaidi: ndiyo 16 hiyo, kwa karatasi na sindano. (Ukizidisha kufinya, mwanga wenyewe unaanza kusambaa ukingoni mwa tundu na ukali unarudi nyuma kidogo, ndiyo maana lenzi nyingi hazifanyi vizuri zaidi kwenye namba ya mwisho. Hilo tuliache kwa siku nyingine.)

Karne ya kumi na moja, Ibn al-Haytham aliandika kitabu kizima juu ya mwanga na kuona, na miongoni mwa aliyoyachunguza ni mwanga unaopita kwenye tundu na kuingia chumba cha giza. Alichunguza, alipima. Leo sisi tunawaandikia watoto ubaoni: "kamera ina lenzi, tundu, shata na filamu", wananakili, kengele inalia.

Nimeliona hilo nikiwa fildi. Shule sitaitaja, na sidhani iko tofauti na uliyopangiwa wewe. Vyombo vya mwanga vimo kwenye fizikia ya sekondari: kamera, hadubini, darubini, jicho. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sabini na maabara yenye kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake ulikuwa na mtu aliyehama. Mwenzangu wa fildi alichora kamera kwenye manila, kwa kalamu za rangi nne, kazi nzuri sana kwa kweli, na mkaguzi alipokuja alimpa alama za juu za zana za kufundishia. Mtoto mmoja wa mbele akauliza pale pale, "Mwalimu, hiyo inafunguka?" Darasa likacheka. Mimi sikuona cha kuchekwa. Lilikuwa swali la kisayansi kuliko yote tuliyoyasikia wiki ile.

Nilipopeleka Zenit darasani, bila mkanda ndani, tuliipitisha safu kwa safu. Kila mtu alifungua na kufunga tundu. Nilianza kwa Kiingereza kama sheria ya shule inavyotaka, na nikapata ukimya ule mnaoujua, wa wanafunzi wanaotazama mdomo wako. Kisha msichana mmoja akauliza kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, akitazama mlangoni kwanza kama kuna mtu: "Mwalimu, mbona kumi na sita ndo kadogo?" Nikamjibu kwa Kiswahili. Nikaandika 58 juu, namba ya pete chini, nikauliza ya chini inaitwaje. Wakajibu kwa pamoja, "Asili!" Walikuwa wanalijua tangu shule ya msingi. Halafu yule aliyeuliza akasema mwenyewe, kabla sijafika: "Kumbe wanagawana. Wakiwa wengi kila mtu anapata kadogo." Hakuna sentensi kwenye kitabu chao iliyosema vizuri zaidi.

Kwa hiyo ninaposema tuache kukariri kamera, nasema pia juu ya lugha. Mtoto yule alikuwa na maarifa yote yaliyohitajika: sehemu, duara, kugawa. Yalikuwa yamehifadhiwa kwa Kiswahili, na sisi tukamfungia mlango tukamwambia aingilie dirishani. Sisemi Kiingereza kiondoke; najua mtihani unaandikwa kwa lugha gani na siwezi kuwadanganya wanafunzi wangu. Nasema mwalimu anayeruhusu dakika tano za Kiswahili penye fundo hajavunja sheria ya maana yoyote. Ameokoa kipindi.

Najua nitakavyojibiwa. Kwanza, mkanda ni ghali, shule haziwezi. Sikutumia mkanda. Tundu halihitaji mkanda ili lifunguke, na lenzi bovu lililoota ukungu wa kweli bado linafundisha kugawanya. Pili, simu zipo, kila mtu anapiga picha. Simu nyingi tundu lake halibadiliki kabisa, limeshikwa pale pale tangu kiwandani. Ule ukungu wa nyuma unachorwa na programu baada ya picha kupigwa, ndiyo maana mara nyingine inakula sikio la mtu au nusu ya nywele. Simu inatoa jibu na kuficha njia. Na sisi kazi yetu, kwa bahati mbaya au nzuri, ni njia. Tatu, eti hii ni anasa ya watoto wa mjini. Huyo aliyesema sijui kama ameshawahi kufungua sanduku la chini ya kitanda cha wazee. Walimu wastaafu, wauguzi, mafundi wa reli, kila mtaa palikuwa na mmoja mwenye kamera, na nyingi bado zipo zikila kutu.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo kuliko maombi mengine ya mwaka huu. Likizo inakaribia. Tangazeni kwamba anayerudi na lenzi ya zamani, nzima au mbovu, mradi pete ya tundu inazunguka, ailete kwenye ofisi ya chama. Zikipatikana hata kumi na tano, sisi wa fizikia na hisabati tutazisafisha, tutaziandikia umbali wa fokasi pembeni kwa rangi, na kila anayekwenda fildi Julai ataazima moja kama anavyoazima kitabu maktaba. Ya mjomba itakuwa ya kwanza kwenye orodha. Ina pete moja nzito kidogo, ukiifunga inakwama kwenye 5.6; usilazimishe, irudishe nyuma kidogo halafu endelea.